Pua imeziba, koo limejaa kamasi: uanze na pua, na mlo, na alginati au na vidonge vya asidi?

Malalamiko huwa yanafanana. Pua inaziba, hasa usiku. Kooni kuna kitu kama kamasi, hakiteremki wala hakitoki, na mtu anajikohoza kutwa nzima. Asubuhi sauti inakwaruza. Daktari mmoja anasema ni mzio, anaandika dawa ya kupuliza puani. Mwingine anasema ni asidi ya tumbo inayopanda hadi kooni, anaandika vidonge. Mgonjwa anatumia zote kwa pamoja, na akipata nafuu baada ya mwezi hajui ashukuru ipi wala aache ipi.

Hapa tunalinganisha njia nne za kuanzia: kutibu pua, kurekebisha mlo na ulalaji, alginati (dawa ya maji itokanayo na mwani) baada ya chakula, na vidonge vya kupunguza asidi. Swali la kujibu ni ipi itangulie kwa hali yako, na uipe muda gani kabla ya kusema imeshindwa.

Pua na tumbo vinakutania wapi

Umio una misuli miwili ya pete. Mmoja uko chini, unapoungana na tumbo. Mwingine uko juu, nyuma ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti. Wa chini ukilegea, asidi huingia kwenye umio na mtu huhisi kiungulia. Wa juu nao ukipitisha, kiasi kidogo, pengine mvuke tu, hufika kooni. Umio umezoea mapigo hayo: mate huteremka na kuipooza asidi, na misuli husukuma kilichobaki kirudi chini. Koo na zoloto havina kinga ya namna hiyo, hivyo kiasi ambacho umio haukijali kinatosha kuliwasha koo. Ndiyo sababu wengi wenye asidi ya kooni hawana kiungulia hata kidogo. Pamoja na asidi hupanda pepsini, kimeng'enya cha tumboni kinachovunja protini. Hiki hunasa kwenye utando wa koo, hutulia asidi ikiisha, kisha huamka asidi nyingine ikifika.

Kutoka hapo hadi puani kuna njia kadhaa. Mcheuo wenyewe unaweza kufika nyuma ya pua, jambo ambalo limeonekana kwa baadhi ya wagonjwa. Pia asidi ikigusa sehemu ya chini ya umio inaweza kuamsha neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na koo na tumbo, na mwili ukajibu kwa kutoa ute zaidi juu. Kuna na njia ya kurudi nyuma, ambayo husahauliwa: pua iliyoziba humfanya mtu alale mdomo wazi, koo linakauka, ute unakuwa mzito kama gundi. Akikohoa, shinikizo la tumbo linapanda na kusukuma asidi juu. Akiwa na tatizo la pumzi kukatika usingizini, kila anapovuta hewa isiyopita, kifua kinavuta pia kilichomo tumboni.

Hata hivyo, asidi ni maelezo dhaifu ya pua iliyoziba. Ni maelezo mazuri zaidi ya kujikohoza, sauti ya kukwaruza na hisia ya donge kooni. Kama hewa kweli haipiti, hiyo ni kesi ya pua kwanza: mzio, vinyama vya pua, ukuta wa katikati uliopinda, au uvimbe wa muda mrefu wa mifuko ya hewa ya uso. Tofautisha "pua yangu haipitishi hewa" na "nahisi kamasi linashuka kooni". Watu huyataja kwa pumzi moja, kumbe ni mambo mawili.

Tahadhari moja kuhusu dodoso maarufu la asidi ya kooni, Reflux Symptom Index (RSI). Lina maswali 9, kila moja alama 0 hadi 5, na jumla inayozidi 13 huhesabiwa kuwa si ya kawaida. Maswali yenyewe yanahusu kamasi la kooni, kujikohoza, kikohozi na donge. Mwenye mzio wa pua bila tone la asidi anaweza kuvuka 13 bila shida. Vivyo hivyo zoloto kuonekana jekundu kwenye kamera: wekundu huo hupatikana hata kwa watu wasio na malalamiko. Tumia alama hizo kufuatilia maendeleo yako wiki hadi wiki, usizitumie kama hukumu.

Vigezo vya kulinganisha

Kila njia tumeipima kwa mambo matano: inalenga nini, inafanywaje, ipewe muda gani, hukwama wapi, na inamfaa nani. Gharama hatukuigusa, maana hutofautiana mno. Kanuni ya kutangulia yote: anza njia moja, andika alama zako za dodoso kila Jumapili, usiongeze ya pili kabla muda wa kwanza haujaisha. Mlo na ulalaji ndiyo pekee inayoweza kwenda sambamba na nyingine bila kuvuruga hesabu sana.

Njia ya kwanza: kutibu pua

*Inalenga nini.* Uvimbe wa utando wa pua na ute unaoshuka nyuma. Maji ya chumvi huosha ute, vumbi na chavua. Dawa ya steroidi ya kupuliza hupunguza uvimbe. Kwa pua iliyoziba kwa mzio, hii ndiyo njia yenye ushahidi mzito kuliko zote nne.

*Inafanywaje.* Chemsha maji yachemke angalau dakika 1 (dakika 3 ukiwa mahali palipo juu ya mita 2,000), yaache yawe ya uvuguvugu. Kwa lita 1 tia gramu 9 za chumvi isiyo na madini joto, takriban kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi laini, na nusu kijiko cha baikabonati ya sodiamu, ile ya kuumulia keki, ili isichome. Mililita 240 zinatosha kwa mkupuo mmoja. Inama juu ya sinki, geuza kichwa kidogo upande, pumua kwa mdomo, mimina au bana chupa polepole kwenye tundu la juu. Nusu upande huu, nusu upande ule. Penga taratibu bila kuziba tundu lolote. Kisha inama mara mbili tatu maji yaliyobaki yatoke, la sivyo yatakuchuruzika saa nzima baadaye ukiwa umevaa nguo safi. Mchanganyiko uliobaki mwage siku hiyohiyo.

Subiri dakika 10 hadi 15, ndipo upulize dawa. Ukipuliza mapema inasafishwa na maji yanayodondoka. Ukipuliza kabla ya kuosha, umeimwaga. Kwa mometasoni, moja ya steroidi hizo, ya mikrogramu 50 kwa mpulizo, kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni mipulizo 2 kila tundu mara 1 kwa siku. Tikisa chupa, inamisha kichwa mbele kidogo, tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa la kulia, na elekeza ncha upande wa sikio, mbali na ukuta wa katikati. Vuta hewa kidogo tu, kama unanusa ua.

*Muda.* Wiki 4, kila siku. Nafuu huanza siku za mwanzo, lakini nguvu kamili huchukua wiki 2 au zaidi. Anayepuliza siku za shida tu hajaijaribu.

*Hukwama wapi.* Mbinu ndiyo huua dawa hii. Ukiionja kooni, umevuta kwa nguvu na dawa imemezwa. Ukitokwa damu, ncha ilielekezwa ukutani. Maji yakichoma, chumvi imezidi au imepungua; masikio yakijaa, umebana chupa kwa nguvu. Maji ya bomba yasiyochemshwa yasiingie puani kamwe: kuna amiba adimu wa maji yasiyo ya chumvi ambaye akipitia puani hufika kwenye ubongo, na ugonjwa wake karibu kila mara huua.

Mitego mingine miwili hukaa hapa. Matone ya kuzibua pua kwa haraka, kama oksimetazolini na ksilometazolini, yatumike siku 3, yasizidi 5. Zaidi ya hapo pua huziba kwa sababu ya dawa yenyewe, na mtu huongeza dozi akidhani ugonjwa umekua. Na dawa za mzio za kizamani zinazoleta usingizi, kama klorofenamini, hukausha mate. Mate ndiyo yanayoipooza asidi kwenye umio kabla haijafika kooni, kwa hiyo unakausha pua huku ukipunguza kinga hiyo. Loratadini au setirizini zina athari ndogo zaidi katika hili, ingawa zote hizi hufanya kazi vizuri zaidi kwenye kuwasha na kupiga chafya kuliko kwenye kuziba.

*Inamfaa nani.* Mwenye chafya, macho ya kuwasha, dalili zinazofuata msimu, vumbi au wanyama. Mwenye ute mwingi mbele na nyuma. Na yeyote ambaye hewa haipiti.

Njia ya pili: mlo na ulalaji

*Inalenga nini.* Kupanda kwenyewe, si asidi tu. Tumbo tupu na mwili ulioinuka hupunguza vyote vinavyopanda, pepsini ikiwemo.

*Inafanywaje.* Mlo wa mwisho uishe saa 3 kabla ya kulala. Inua miguu ya kitanda upande wa kichwani kwa sentimita 15 hadi 20, kwa matofali au vipande vya mbao imara, au tumia mto wa mteremko unaoanzia kiunoni. Lala ubavu wa kushoto: ukilala hivyo tumbo hubaki chini ya mdomo wa umio, na asidi iliyopanda hurudi upesi. Punguza vyakula vya mafuta mengi, kahawa, chokoleti, pombe na sigara. Legeza mkanda. Mwenye uzito uliozidi, kupungua kilo chache kunapunguza shinikizo tumboni.

Kuinua kitanda kuna faida ya pili ambayo watu hawaitarajii. Ukilala chali sawia, damu hujaa kwenye mishipa ya utando wa pua na pua huvimba. Kichwa kikiinuka, pua hufunguka kiasi hata kama asidi haihusiki. Kwa hiyo nafuu ya usiku baada ya kuinua kitanda haithibitishi kwamba tatizo lilikuwa asidi.

*Muda.* Usiku unaweza kutulia ndani ya wiki 2. Koo lenyewe lipe wiki 6 hadi 8.

*Hukwama wapi.* Kurundika mito. Mito mitatu hukunja mwili kiunoni na kulibana tumbo, matokeo yake ni kinyume cha ulichokitaka. Kosa la pili ni kufuta vyakula ishirini kwa siku moja: hakuna anayedumu, na hajui kipi kilikuwa na neno. Futa viwili vitatu unavyovishuku, kwa wiki 2, kisha rudisha kimoja kimoja. La tatu ni peremende za mnanaa. Ubaridi wake hudanganya neva za pua, mtu akahisi hewa inapita ilhali uvimbe uko palepale, na wakati huohuo mnanaa unaweza kulegeza msuli wa chini wa umio.

Halafu kuna tabia ya kujikohoza. Kila unapojikohoza, kamba za sauti hugongana kwa nguvu, zinavimba, zinatoa ute wa kujilinda, nawe unahisi kamasi jipya la kutoa. Badala yake meza mate kwa nguvu, au piga funda dogo la maji. Siku tano za kwanza ni adha. Baada ya hapo hamu hupungua. Bila kuvunja mzunguko huu, dawa yoyote itaonekana imeshindwa.

*Inamfaa nani.* Karibu kila mtu kama msingi, na hasa anayekula usiku, mwenye kitambi, mjamzito, na asiyetaka dawa. Aliyekwisha kuwa mwembamba, hali usiku wala hanywi pombe, asitarajie makubwa.

Njia ya tatu: alginati baada ya chakula

*Inalenga nini.* Alginati hutokana na mwani wa kahawia. Ikikutana na asidi huganda kama uji mzito. Baikabonati iliyochanganywa nayo hutoa viputo vya gesi vinavyoibeba, ikaelea juu ya chakula kama kifuniko. Haipunguzi sana utengenezaji wa asidi. Inazuia kilichomo kisipande.

*Inafanywaje.* Tikisa chupa. Kunywa mililita 10 baada ya kila mlo na mara ya mwisho kabla ya kulala, au kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kwa kuwa zipo nzito na nyepesi. Usinywe wala kula kitu juu yake. Dawa nyingine zitenganishe nayo kwa saa 2.

*Muda.* Wiki 4 zinatosha kuona mwelekeo.

*Hukwama wapi.* Kunywa tumbo likiwa tupu: kifuniko hakina cha kuelea juu yake, kinapita mapema. Kunywa maji juu yake: unakivunja. Kununua dawa ya kawaida ya kutuliza asidi ukidhani ni ileile: hiyo hupooza asidi kwa muda mfupi bila kuweka kifuniko, hivyo soma lebo uone neno alginati. Aina nyingi zina sodiamu nyingi, kwa hiyo mwenye shinikizo la damu, moyo au figo amuulize mfamasia kwanza. Majaribio juu ya koo yamegawanyika; baadhi yalionyesha faida, mengine hayakuona tofauti na dawa bandia.

*Inamfaa nani.* Ambaye dalili zake huja baada ya kula, akiinama au akijilaza. Anayetaka kitu cha kuacha wakati wowote bila madhara ya kuacha. Na anayemaliza vidonge vya asidi na kuhitaji daraja.

Njia ya nne: vidonge vya kupunguza asidi

*Inalenga nini.* Omeprazoli, lansoprazoli na ndugu zake huzima pampu za asidi kwenye ukuta wa tumbo. Asidi inapungua sana, lakini majimaji bado yanaweza kupanda, na pepsini ikiwemo.

*Inafanywaje.* Dakika 30 hadi 60 kabla ya kula. Muda huu una sababu: kidonge huzima pampu zilizoamka tu, na chakula ndicho kinachoziamsha. Dawa inatakiwa iwe tayari kwenye damu chakula kinapoingia. Kwa koo, madaktari mara nyingi huandika mara 2 kwa siku, kabla ya kifungua kinywa na kabla ya chakula cha jioni.

*Muda.* Wiki 8 hadi 12. Si miezi kumi na minane kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuuliza.

*Hukwama wapi.* Kwanza, kumeza wakati wa kulala: hilo ni kosa la kila siku. Pili, kutumainiwa kupita uwezo wake. Jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2021 katika jarida la BMJ liliwapa wenye malalamiko ya koo lansoprazoli miligramu 30 mara 2 kwa siku kwa wiki 16, na wengine vidonge bandia. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na nafuu hizo zililingana. Kwa hiyo koo kupona ukiwa unameza vidonge hakutoshi kuthibitisha kwamba ni vidonge vilivyoponya. Tatu, kuacha ghafla: baada ya wiki 8 tumbo lililozuiwa linaweza kutoa asidi kupita awali kwa muda, kiungulia kikaja hata kwa asiyekuwa nacho, naye akarudi kwenye dawa akidhani hawezi kuishi bila hiyo. Shuka kutoka mara 2 hadi mara 1, kisha siku moja ndiyo moja siyo, huku alginati ikishika nafasi. Matumizi ya muda mrefu yanahitaji uangalizi wa vitamini B12 na magnesiamu, na omeprazoli haipatani vizuri na klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda.

*Inamfaa nani.* Mwenye kiungulia au kucheua asidi pamoja na dalili za koo. Mwongozo wa mwaka 2022 wa madaktari wa tumbo wa Marekani unasema hivyohivyo: aliye na vyote viwili ajaribu mara 2 kwa siku kwa wiki 8 hadi 12, aliye na koo tu bila kiungulia apimwe kabla ya kupewa. Kipimo chenyewe ni waya mwembamba unaopitishwa puani na kukaa saa 24, ukihesabu kila kinachopanda, kiwe cha asidi au la. Si raha, ila unamaliza ubishi. Kwa pua iliyoziba peke yake, vidonge hivi havina kazi.

Yasiyosubiri jaribio lolote

Sauti iliyokauka zaidi ya wiki 3, chakula kukwama, kupungua uzito bila sababu, kutema damu, uvimbe shingoni, maumivu ya sikio moja yasiyoisha, pua kuziba upande mmoja tu na kutoa damu, au maji meupe kama ya kunywa yanayodondoka tundu moja ukiinama: nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Usiyahesabie wiki.

Kwa hali yako

Hewa haipiti puani, uwe na koo baya au usiwe nalo: anza na pua, wiki 4, inua kitanda. Ikishindwa licha ya mbinu sahihi, omba pua iangaliwe kwa kamera kabla ya kufikiria asidi.

Pua iko wazi lakini koo lina kamasi na sauti hukwaruza asubuhi: mlo na ulalaji, alginati juu yake, na uache kujikohoza. Vidonge visubiri kipimo.

Kiungulia kipo, na koo limo: vidonge kwa mpangilio wa mlo, tarehe ya kuacha ikiwa imeandikwa tangu siku ya kwanza.

Vyote vitatu, pua, koo na kiungulia: tibu pua na ulalaji kwanza kwa wiki 4, ndipo uongeze vidonge. Ukianza na vyote siku moja utakuwa umerudi kwenye kutojua kipi kimesaidia.

Unakoroma, unaamka umechoka na mdomo mkavu, mwenzako anasema pumzi hukatika: omba kipimo cha usingizi. Hapo pua na asidi vyote vinaweza kuwa matokeo tu, na dawa za upande wowote zitafika nusu ya njia.

Umetumia matone ya kuzibua kwa miezi: yaache kwanza, tundu moja baada ya jingine kama huwezi yote, ukiwa tayari na steroidi ya kupuliza. Wiki ya kwanza itakuwa mbaya. Mpaka pua ipite hapo, hakuna njia yoyote kati ya hizi nne unayoweza kuipima kwa haki.